Laptop Niliyouziwa na Bakoki

Kwetu Bungoma, wanaume waliotahiriwa msimu mmoja huitana bakoki. Bakoki wako anaweza kukutukana mbele ya mkeo nawe ukacheka. Anaweza kupita shambani mwako akavunja mahindi mabichi, akachoma, akala, kisha akaja kukuambia mahindi yako hayana ladha. Binti yake ni binti yako. Kitu kimoja tu hakiruhusiwi, na wazee hawakuwahi kukitamka mbele yetu, nadhani kwa sababu hawakuona haja: bakoki hamlaghai bakoki.

Nilikuwa na bakoki wengi, lakini wa moyoni alikuwa mmoja. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na mwaka wetu ulipofika baba yake alimleta kwetu atahiriwe pamoja nami. Tulisimama uani asubuhi moja, tukapona katika kibanda kimoja nyuma ya nyumba ya mama yangu. Mama alitupikia sote wawili, akatutazama sote wawili tukijifanya hatuumwi, na tangu hapo mwenzangu hakumwita kwa jina lingine ila Mama. Kwa hiyo ninayemzungumzia hapa si tapeli wa stendi. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa ndani ya shati kabisa.

Yalitokea mwaka ule wa mgao wa stima. Nilikuwa na studio mjini Bungoma, chumba kimoja cha mabati, ambamo nilihariri video za harusi na za mazishi. Stima ilikuwa ikipotea mchana kutwa, ikirudi kwa kishindo, na siku moja iliporudi ilirudi na moshi. Kompyuta yangu kubwa ya mezani ilitoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Ningeweza kuvumilia msimu mmoja bila kazi, kama si kwaya ya Mama.

Kwaya ya akina mama wa kanisa letu ilikuwa imeamua kutoa VCD. Siku zile kila kwaya ilikuwa na VCD, na zote zilifanana: akina mama wamevaa sare, wanayumba kushoto na kulia mbele ya maua ya watu wengine. Wenzetu wa Kimilili walikuwa wametoa yao, na mwenyekiti wa kwaya yetu hakupata usingizi mzuri tangu aione. Alitaka kazi yetu ipelekwe Eldoret, kwa watu wenye mitambo. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo na wenzake wakiitikia, alisimama mkutanoni.

"Mtoto wangu ataifanya," akasema. "Ikiharibika, mniulize mimi."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonitoa jasho. Kwa akina mama wale, neno likishatamkwa mkutanoni baada ya sala, halirudi mdomoni. Nilikuwa nimekwisha kuwarekodi, kanda zote zilikuwa mezani, na mashine ya kuzihariri sikuwa nayo. Nikauza fahali wangu, nikaenda Kitale.

Bakoki wangu alikuwa na duka la kompyuta huko Kitale, duka dogo lenye kioo mbele na pazia nyuma. Aliponiona alipiga kelele mpaka wapita njia wakageuka.

"Bakoki! Umekonda hivi, ama bibi yako amegundua hauna maana?"

"Amegundua, lakini amesikia wewe ni mbaya zaidi," nikamjibu, tukacheka, tukashikana mikono kama tunaotaka kung'oana.

Nilimweleza yote: kompyuta iliyoungua, kwaya, neno la Mama mkutanoni. Nilimwambia lazima iwe ya betri, kwa sababu ya mgao. Alisikiliza akitikisa kichwa, kisha akaingia nyuma ya pazia, akatoka na laptop.

Sikuwa nimewahi kuona nyembamba namna ile. Laptop nilizozijua mimi zilikuwa matofali. Hii ilikuwa na unene wa kitabu cha nyimbo, rangi ya fedha, nyepesi hivi kwamba nilipoishika nilidhani haina betri ndani.

"Inaweza video?" nikauliza.

"Video? Bakoki, hii inakula video kama ugali. Na haina kelele. Hebu sikia."

Nikatega sikio, nikasikia kimya. Leo najua kile kilikuwa kimya cha feni ndogo iliyokwisha kukata tamaa, lakini siku ile nilidhani ndio ustaarabu wenyewe. Akanichezea kipande cha harusi ya mtu, na picha ikaenda bila kukwama. Ilikuwa asubuhi ya Kitale, ile ya watu kuvaa sweta mbili, na kipande chenyewe kiliisha kabla chai yangu haijapoa. Mteja mwenye akili angesema iache iendelee mpaka saa saba, halafu uniandikie hapa kwamba ikisumbua nitairudisha. Mimi sikusema lolote. Kumwomba bakoki akuandikie dhamana ni sawa na kumwambia mamako aionje chai kwanza, usije ukalishwa sumu. Nilimpa pesa za fahali, naye akazitia mfukoni bila kuzihesabu, nikaona hiyo ndiyo heshima.

"Mwambie Mama hii ni ya kazi yake," akasema akinisindikiza. "Mwambie imetoka kwangu."

Nikamwambia Mama hivyo hivyo. Alifurahi, akamwombea.

Bungoma si Kitale. Kwetu jua likipanda, mabati hulia, na ndani ya studio yangu mtu angeweza kuivisha ndizi. Kuhariri video ni mzigo kwa mashine. Lazima isome picha, izikate, izipange, na mwisho izishikanishe zote ziwe kitu kimoja, na hapo ndipo inapotoa jasho. Hii ya kwangu haikuwa na mahali pa kutolea jasho. Ule wembamba niliousifu ndio ulioibana pumzi. Hewa haikuwa na njia ya kupita, feni ilikuwa ya kuchezea watoto, na matundu yake yote yalikuwa chini ya tumbo. Ikipata moto, ilipunguza mwendo ili isiungue. Ikipata moto zaidi, ilizima bila kuaga.

Nilimwona Mama kwenye kioo anafungua mdomo, na sauti inafika wakati mdomo umekwisha kufungwa. Mara picha inaganda, akina mama wote wameinamia kushoto, wamebaki hapo kama waliopigwa na upepo. Ukiweka mkono kwenye vibonye unauondoa upesi. Siku ya kwanza niliipakata mapajani, kama jina lake la shuleni lisemavyo, kipakatalishi, na mke wangu akaniuliza kama nimejipiga pasi.

Nikahamia sebuleni kwa Mama, kwa kuwa nyumba yake ina dari, na nikawa nafanya kazi alfajiri, jua likiwa bado halijapata nguvu. Hata hivyo wimbo mmoja ulikula asubuhi nzima, na mara nyingi mashine ilizima ukikaribia kwisha, nikaanza upya.

Nikampigia simu.

"Bakoki, hii kitu inachemka."

"Inachemka aje?"

"Naweza choma mahindi juu yake."

Akacheka sana. Halafu akauliza naiweka wapi. Nikamwambia kwenye meza ya Mama.

"Meza iko na vitambaa?"

Swali gani hilo? Meza ya Mama ilikuwa na kitambaa, viti vilikuwa na vitambaa, redio ilikuwa na chake, na hata ile laptop Mama alikuwa ameishonea kimoja cheupe chenye maua pembeni, aifunike isiingie vumbi.

"Si ndio hiyo!" akasema. "Ni hizo vitambaa za Mama zinaifunga pumzi. Na vumbi yenu ya Bungoma. Mashine iko sawa bana, ni nyinyi mnaifunika kama bibi harusi."

Nilikuwa nimeiweka simu kwa sauti kubwa, na Mama alikuwa pale. Vitambaa vile alivishona kwa mkono wake, vingine kabla sijazaliwa. Aliinuka akavitoa kimoja kimoja, cha meza, cha redio, vya viti, akavikunja na kuvitia sandukuni. Meza ikabaki uchi, na madoa ya vikombe vya miaka yote yakaonekana.

"Kumbe ni mimi naharibu," akasema.

Tangu siku hiyo alipopita karibu na ile laptop alikuwa akiikusanya leso yake mkononi isije ikaigusa. Na laptop ikaendelea kuchemka vilevile.

Niliendelea kumwamini yule mtu, nataka hilo lieleweke. Niliiweka mashine juu ya ungo ili hewa ipite chini, ungo ukaanza kunuka moshi. Niliipepea kwa kipande cha katoni kama mtu anayewasha jiko. Nilinunua feni ya kusimama, na stima ikaenda zake siku hiyo hiyo. Katika yote hayo nilijilaumu mimi, nikalaumu joto la Bungoma, nikalaumu serikali kwa mgao wake. Jina lake halikunijia hata mara moja.

Mwenyekiti alipita siku moja kuona kazi imefika wapi. Sisi wa Bungoma r na l kwetu ni mapacha, na yeye hakuwahi kuwatofautisha.

"Hii raptop yako ni kajembamba hivi," akasema akiikagua. "Itabeba sisi wote? Angalia vile tuko wanene."

Mama alicheka kuliko inavyostahili. Nilimsikia jinsi alivyokuwa na hofu.

Siku ya uzinduzi ilikuwa imekwisha kupangwa na mgeni wa heshima amealikwa. Nilikuwa nimefanikiwa kumaliza nyimbo, mmoja mmoja, lakini kuzishikanisha zote na kuzitia kwenye VCD mashine ilikataa katakata. Nikamwambia Mama tutafanya hivi: tutazionyesha ukutani moja kwa moja kutoka kwenye laptop, kwa projekta ya kuazima, halafu VCD zitafuata. Mama akawaeleza wenzake, akaongeza neno jingine juu ya lile la kwanza.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Kanisa lilijaa, na kwa heshima zote mwenyekiti alikuwa amewaalika hata wale wa Kimilili, wakae benchi la mbele waone. Jua lilikuwa limesimama juu ya mabati. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri, watu wakapiga vigelegele, nami nikaanza kupumua. Wimbo wa pili ulikuwa wa Mama.

Alitokea ukutani mrefu kama mlango wa kanisa. Watu wakashangilia. Akafungua mdomo kuanzisha wimbo, na hapo picha ikaanza kuchechemea. Sauti ilitoka vipande vipande, mdomo ukabaki wazi, meno yote nje, macho yamefumba nusu. Ukutani, mbele ya kanisa zima, mama yangu alibaki vile. Mtoto mmoja akacheka, kisha benchi la Kimilili likakohoa kile kikohozi ambacho si kikohozi. Kisha ukuta ukawa wa buluu mtupu.

Nikaiwasha tena. Ilikuwa moto hata sikuweza kuishika vizuri. Akina mama wa kwaya wakaimbisha watu pambio tukisubiri. Ikawaka, ikafika palepale, mdomo palepale, ikazima. Mgeni wa heshima akatazama saa, akaomba Mungu avibariki vyombo vyetu vya kazi, akaondoka. Mama alikuwa ameketi mikono magotini, anautazama ule ukuta wa buluu, mpaka mtu mmoja akaenda kuizima projekta.

Mwenyekiti hakupiga kelele. Alimwendea Mama pale alipoketi, akamshika bega.

"Ulisema tukuulize wewe," akasema. "Hatutakuuliza."

Ningependa angetutukana. Siku iliyofuata walikuja kuchukua kanda zao, zikaenda Eldoret. Jumapili iliyofuata mama mwingine alianzisha nyimbo, na Mama akasimama mstari wa nyuma, akaitikia pamoja na wengine. Hakuna aliyemwambia ahame. Alihama mwenyewe.

Nilikwenda Kitale bila kumpigia simu. Naapa sikwenda kugombana. Nilikwenda kumwambia bakoki wangu yaliyonipata, kama mtu anavyompelekea ndugu yake msiba. Nilimkuta anazungumza na mteja kwenye simu. Akanikonyeza nisubiri. Nikaiweka laptop juu ya kaunta.

Huku akiendelea na simu yake, hata bila kuitazama laptop, alivuta droo. Akatoa vifuniko viwili vya soda. Akaiinua laptop upande wa nyuma, akavisukuma chini yake kimoja huku na kimoja kule, akaigeuzia feni ndogo ya mezani, ndipo akabonyeza kuiwasha. Mkono wake uliyafanya hayo yote kwa mazoea, kama mkono wa mpishi unavyosogeza sufuria. Kisha akaona ninapotazama. Akamwambia mteja atampigia baadaye.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

Akajaribu kucheka. "Bakoki, hizi nyembamba zote ni hivyo. Zote zinachemka. Ni ya kuandika barua na kuangalia picha, si ya video."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungenunua?"

"Ilikuwa imerudishwa na mtu?"

Akaisukuma droo ikafunga. "Kuna mwalimu wa Saboti aliirudisha. Alinipigia makelele hapa, ati ananipeleka polisi. Ikabidi nimrudishie pesa yake. Sasa imekaa hapo, na mwenye nyumba anataka kodi. Ningefanya nini?"

"Kwa nini mimi?"

Alinitazama kama mtu anayeshangazwa na swali.

"Si wewe ni bakoki," akasema. "Wewe huwezi nipeleka polisi."

Nilitaka kumpiga. Nasema wazi, nilikunja ngumi, na mpaka leo sijui ni nini kilichonizuia. Miaka yote nilidhani undugu wetu ndio uliomfanya anipe kilicho bora dukani mwake. Kumbe aliutumia kutafuta mtu ambaye angeumia kimya. Mgeni asiyejulikana angekuwa salama kuliko mimi mlangoni mwake.

"Na vitambaa vya Mama?" nikamuuliza. "Ulimwambia ni yeye."

Hapo tu ndipo alipoinamisha kichwa. Akaanza kusema habari za kunilipa polepole, mwezi kwa mwezi, lakini sikusikia. Niliichukua laptop nikatoka nayo. Sikuitaka, ila ningemwachia angemuuzia mwingine.

Nyumbani Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuuliza kama nimerudishiwa pesa.

"Alijua?"

"Alijua."

"Na vitambaa? Alijua si vitambaa?"

"Alijua, Mama."

Akatikisa kichwa, akaendelea na maharagwe yake. Nilikasirika kwamba hakukasirika. Nilitaka alie, amlaani, ili nami nipate kulia. Akaokota jiwe kutoka kwenye maharagwe, akalitupa nje.

Desemba ilipofika, watu wakirudi nyumbani, naye akaja. Alikuja na sukari na mkate, akiita "Mama!" tangu langoni, kwa sauti ileile. Mtu huyu hakuwahi kuingia nyumba yetu kwa mlango wa mbele. Alikuwa akipitia jikoni, anafunua sufuria, anakula chochote kilichomo akiwa amesimama, huku Mama akimtukana kuwa ni fisi na mkewe amemshinda kumlisha. Alikuwa akiyapenda matusi hayo kuliko chakula.

Siku hiyo Mama alitoka kumpokea uani, kabla hajafika jikoni. Akampa mkono.

"Karibu mgeni wetu," akasema. "Pitia huku."

Akampitisha mlango wa mbele, akampangusia kiti kwa leso yake. Akamletea maji ya kunawa, akammwagia mwenyewe. Akachinja kuku. Akamwandalia mezani kwa sinia, na firigisi akamwekea yeye, ile ambayo kwetu hupewa mwanaume wa heshima. Akamuuliza habari za Kitale, mvua zilikuwaje, mahindi yametoka magunia mazuri, watoto hawajambo. Alimuuliza kwa upole sana, na hakumtukana hata tusi moja. Mimi nilikaa pembeni, na nilipoona jinsi yule mtu alivyokuwa akijipangusa uso, nilijua ngumi yangu isingefika alipofikia Mama.

"Mama, tafadhali," akasema mwishowe, akitaka kuinuka. "Wacha nijichukulie chai huko jikoni."

"Mgeni hajichukulii," Mama akajibu, akamrudisha kitini kwa mkono begani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa amelishika jembe la nyumba hii miaka mingi, na Mama alimnyang'anya kwa sinia la kuku. Firigisi hakuigusa. Alipoaga, Mama alimsindikiza mpaka langoni kama wasindikizwavyo watu wa mbali, akamshukuru kwa kututembelea, akamwambia siku nyingine akipanga kuja atume habari mapema, tusije tukakosa cha kumwandalia.